Wapigaji wa milima ya Appalachia wana majina, yaandikeni

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu enzi zile baba alipokuwa akirudi nalo jioni kutoka mjini Kericho, na sasa nalisoma kwenye simu huku Tennessee mashariki, bila kukuandikia hata siku moja. Makala yenu kuhusu muziki wa milima ya Appalachia, hii ya mashariki mwa Marekani, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wako aliuita muziki wa Wazungu maskini uliotoka Uskoti na Ayalandi, akaweka picha ya mzee wa Kizungu aliyepakata banjo, kisha akaendelea na mengine. Banjo yenyewe hakuiuliza ilikotoka.

Ilitoka kwetu Afrika. Waliotekwa na kuvushwa bahari ndio walioikumbuka na kuiunda upya: kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini na nyuzi. Wajola wa Senegal na Gambia wangali wanapiga akonting, chombo cha namna hiyohiyo, ambacho kina uzi mmoja mfupi unaoguswa kwa dole gumba huku ukucha ukishuka juu ya nyuzi ndefu. Wazee wa milima hii, weusi kwa weupe, hupiga banjo kwa mkono huohuo. Fidla ilitoka Ulaya, sikatai, na nyimbo nyingi za visa vya mauaji na mapenzi zilikuja nayo. Lakini vyombo hivyo viwili vilikutana mikononi mwa watu waliojenga reli pamoja, wakachimba makaa ya mawe pamoja na kucheza ngoma za Jumamosi wakisikilizana.

Mimi nahudumia wazee. Mmoja wao, Mmarekani Mweusi ambaye simtaji jina kwa heshima yake, amepiga banjo tangu utoto na alifundishwa na babake. Kiangazi fulani alialikwa kwenye tamasha la muziki wa jadi katika mji wa hapa jirani. Nilimnyooshea suti, nikamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi langoni, chombo kikiwa mapajani mwake ndani ya kasha. Kijana mwenye beji alitutazama, akatuelekeza kwa upole kwenye hema la kwaya ya injili. Nikamwambia huyu ni mpiga banjo, jina lake limo kwenye ratiba. Akarudia kwamba hema la injili liko kulia. Tulipovuka hapo, tulikuta jukwaa alilopewa limewekwa kando ya jenereta ya wauza chakula. Alipiga hivyohivyo, kwa vidole vilivyokakamaa, na wachache waliosogea karibu hawakuondoka. Alipomaliza, mama mmoja alikuja kumpongeza, akamuuliza ni nani aliyemfundisha muziki wa Wazungu. Mzee akajibu, "Baba. Naye alifundishwa na babake." Njia nzima ya kurudi hakusema neno, na mimi nililia nikiwa usukani. Sasa, Mhariri, nafungua gazeti la nyumbani, gazeti la Waafrika, lililoandikwa kwa Kiswahili, nakuta limesema yaleyale aliyosema yule mama! Yeye alizaliwa akaambiwa hivyo. Nyinyi ni nani aliyewaambia?

Nitakutajia aliyewaambia: ni makampuni ya santuri. Miaka ya 1920 yaliligawa soko kwa rangi ya ngozi, orodha moja ya muziki wa Wazungu wa mashambani, nyingine ya muziki wa Weusi, na mpigaji Mweusi aliyekuja na fidla alitakiwa apige bluzi. Mwaka 1930 Howard Armstrong na wenzake, vijana Weusi wa Tennessee, walirekodi mjini Knoxville. Santuri yao ikauzwa katika orodha ya Weusi kwa jina la Tennessee Chocolate Drops, na sauti ileile ikauzwa kwa Wazungu kwa jina la Tennessee Trio. Wanunuzi waliucheza wasijue ni nani wanayemsikiliza. Mwandishi wako amechukua orodha ya wafanyabiashara akaiandika kuwa historia. Anaisifu Carter Family, kundi la Wazungu wa familia moja lililovuma kwa nyimbo za milimani, nami nalipenda pia, lakini Lesley Riddle hamtaji kabisa. Huyu alikuwa mpiga gitaa Mweusi aliyepoteza mguu katika kiwanda cha saruji, akazunguka milimani na A. P. Carter, kiongozi wa kundi hilo, wakitafuta nyimbo: Carter akiandika maneno, Riddle akishika sauti kichwani. Maybelle Carter naye alijifunza kwake mambo ya gitaa. Na Joe Thompson wa Mebane, North Carolina, aliyepiga fidla hadi uzeeni, akawafundisha vijana Weusi waliokuja kushinda tuzo ya muziki ya Grammy, mbona naye hatajwi? Alifariki mwaka 2012 tu, si zama za kale.

Na tusiwalaumu Wamarekani peke yao. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi wasichana wa Kipsigis kule Kapkatet wakimwimba "Chemirocha", yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji Mzungu wa kantri wa Marekani, ambaye sauti yake ilikuwa imewafikia kwa santuri. Watu wengi duniani wameusikia wimbo huo. Ni wangapi kwetu Kericho wanaolijua jina la Chemutoi Ketienya aliyeuongoza? Nasikiliza redio za nyumbani kwa intaneti: wimbo wa zamani unapigwa hadi mwisho, mtangazaji anaingia na tangazo la sabuni, na mwimbaji hatajwi. Vilabu vya Nairobi vinajaa kofia za pama usiku wa muziki wa kantri, na hakuna anayewaambia wachezaji kwamba babu wa muziki ule alivushwa kutoka bara hilihili wanalolikanyaga.

Ninachotaka ni hiki. Chapisheni picha ya akonting na picha ya banjo, zilingane ukubwa, ukurasa uleule mlioweka makala ile na si kule nyuma karibu na matangazo ya vifo. Chini yake yaandikwe majina ya Riddle, Armstrong na Thompson kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Halafu mkimtuma mwandishi Marekani, msimpeleke Nashville, mji wa biashara ya muziki wa kantri. Aende Galax, Virginia, mwezi wa Agosti, kwenye mkutano wa wapiga fidla ulioanza mwaka 1935. Asikae mbele ya jukwaa. Apite kwenye mahema usiku, wanakopigiana wao kwa wao, na kila anayemsikia amuulize jina, kijiji, na aliyemfundisha. Akipitia Tennessee nitampeleka kwa mzee wangu. Asubuhi ndipo vidole vyake huwa vyepesi, kwa hiyo afike kabla ya saa nne.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Johnson City, Tennessee