Bredimani kwa ratili moja ya sukari

Ngamiani, Barabara ya 9,
Tanga

Kwako somo yangu,

Asalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima wa afya, hofu ni kwenu tu mlio mbali. Mama anakusalimu sana, na anauliza lini utamletea tena ile kahawa ya Mbinga, maana ya dukani anasema haina harufu. Mvua za vuli zimeanza na paa letu limevuja kama kawaida yake. Kuvuja huko ndiko kulikozaa barua hii.

Jumapili uliponipigia uliuliza neno moja tu juu ya zile kadi za sigara za babu: "Sasa zinauzwa bei gani?" Kabla sijafungua mdomo, simu ikakatika. Nimeona nikuandikie kwa karatasi, kwa sababu jibu ni refu na mwisho wake unakuhusu wewe mwenyewe.

Tulikuwa tunatoa kasha la marehemu babu chumbani kwa mama ili fundi apande darini. Chini kabisa, chini ya kanzu yake ya harusi, tukakuta mkebe wa biskuti ulioliwa na kutu. Ndani mlikuwa na vikadi 43, kila kimoja upana wa vidole viwili hivi, urefu haufiki urefu wa sigara. Mbele pana picha ya rangi ya mcheza kriketi, nyuma maelezo ya Kiingereza na jina la kiwanda cha sigara, John Player & Sons, na mwaka 1938. Seti kamili ni kadi 50. Kwa hiyo zetu zimepungua saba, na hizo saba, somo, ndizo zilizoninyima usingizi wiki nzima.

Babu alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge njia ya Muheza. Meneja wake alikuwa mvutaji, pakiti ikiisha anaitupa chini ya meza. Babu hakuvuta sigara maisha yake yote, lakini mama anasema hakuweza kuvumilia kuona karatasi yenye rangi ikikanyagwa. Basi aliokota, akatoa kadi, akaiweka mfukoni. Kadi 50 za aina tofauti kwa kuokota peke yake! Hebu fikiria ni pakiti ngapi, na ni marudio mangapi aliyoyaacha ili apate ambayo hajawahi kuiona.

Nimeuliza na kusoma hadi nimeelewa kadi ilifikaje ndani ya pakiti ya sigara. Zamani pakiti zilikuwa za karatasi laini, na sigara zikivunjika mfukoni mteja ananung'unika. Wenye viwanda wakatia kipande cha karatasi ngumu kuzikinga. Huko Marekani, karne ya 19, kampuni kama Allen & Ginter ya Richmond zikaona kipande kitupu ni hasara, zikakichapa picha: mabondia, wacheza besiboli, waigizaji, ndege. Baadaye kadi zikapewa namba. Namba ndiyo iliyokuwa ndoana yenyewe. Mtu akiwa na ya 7 na ya 9, hatalala mpaka aione ya 8. Uingereza wakaiga, na kufikia hizi za babu mgongo wa kadi ulikuwa na gundi kama stempu, ili ubandike kwenye albamu iliyouzwa peni moja.

Gundi hiyo na joto la Tanga havikupatana. Kadi kumi na moja zilikuwa zimegandana kama mkate. Kijana mmoja wa jirani alitaka kuzibandua kwa nguvu, nikamzuia mkono. Nilizitia kwenye bakuli la plastiki lenye kitambaa kibichi kando, bila kugusana nacho, nikafunika usiku kucha. Asubuhi gundi ilikuwa imelegea. Nikapitisha wembe taratibu, moja baada ya nyingine, na mikono ikinitetemeka. Zimetoka zote kumi na moja. Mbili zimechubuka migongo, nyuso zao salama.

Moja ina tundu la msumari juu ya paji la uso. Ni ya Hammond, aliyekuwa nahodha wa Uingereza mwaka ule wa 1938. Nilipomwonyesha mama alishika mdomo. Yeye ndiye aliyeipigilia ukutani akiwa msichana mdogo, akidhani ni picha ya mfalme. Babu alipoiona hakumgombeza. Aliing'oa, akairudisha mkebeni, akamkatia picha nyingine kwenye kalenda. Wanaokusanya kadi duniani wakiona tundu kama lile bei huanguka papo hapo. Wanataka pembe kali, uso usio na mkwaruzo, kadi ambayo kama kwamba haikuwahi kushikwa na mtu. Mimi kadi ya Hammond sasa ndiyo naipenda kuliko zote.

Turudi kwenye bei, usije ukasema nimekukwepa. Ni kweli zipo kadi zinazouzwa kwa fedha ambazo akili inakataa. Honus Wagner alicheza besiboli Pittsburgh, na kadi yake ilitoka kwenye sigara za American Tobacco Company kati ya 1909 na 1911. Haikuchapwa muda mrefu kwa sababu mwenyewe aliikataa. Wako wanaosema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya sura yake, na wako wanaosema alitaka alipwe. Zimebaki kama 60 tu zinazojulikana, na mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25. Mwaka huohuo kadi ya Mickey Mantle, mcheza besiboli mwingine, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, ilifika dola milioni 12.6. Sikiliza kisa chake: kadi za mwaka ule za awamu ya mwisho hazikununuliwa, zikajaa ghalani, na mwaka 1960 kampuni ikazipakia kwenye tishari na kuzimwaga baharini, huko Atlantiki. Nilipolisoma hilo nilitoka nikaenda Raskazone nikakaa naangalia maji. Kitu kilichotupwa kwa kukosa nafasi ndicho leo watu wanakiuzia nyumba.

Ila aliyenikaa moyoni zaidi ni mtu ambaye hakuuza. Jefferson Burdick wa Syracuse, mkoani New York, alifanya kazi kiwandani kwenye vifaa vya umeme, na hakuwa na mke wala mtoto. Alikusanya kadi zaidi ya 300,000. Yeye ndiye aliyeziandikia orodha na kuzipa majina ambayo wakusanyaji wanayatumia mpaka leo. Ile seti ya Wagner inaitwa T206, na T ni ya tumbaku, kwao kama kwetu. Maungio ya mwili yalimuuma hata vidole vikapinda, akazitoa zote kwa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kisha akahamia mji ule ili azibandike kwenye albamu kwa mkono wake. Ilimchukua miaka. Alimaliza Januari 1963, akavaa koti, akaaga, na Machi mwaka huohuo akafariki. Niliposoma habari zake nilimwona babu na mkebe wake.

Na wa mpira usidhani wamesahaulika. Pelé alichapwa kwenye kadi huko Uswidi mwaka 1958, akiwa na miaka 17, Kombe la Dunia lile alilofunga mabao mawili fainali. Ndugu wa Panini, wauza magazeti wa Modena, Italia, walianza picha za wachezaji mwaka 1961, na albamu yao ya kwanza ya Kombe la Dunia ni ya Mexico 1970.

Za babu sasa. Hazina bei ya kutisha, somo. Zilichapwa kwa wingi mno, na Waingereza walizitunza kwenye albamu zao, kwa hiyo seti nzima ya 1938 mtu wa kawaida anaweza kuinunua bila kuuza ng'ombe. Zetu ni pungufu, moja ina tundu, mbili zina michubuko. Hilo ndilo jibu la swali lako, na ningelikwambia kwa simu ningelimaliza hapo.

Lakini chini ya mkebe kulikuwa na pakiti ya sigara iliyofunguliwa ikalazwa bapa. Upande wake wa ndani, ule mweupe, babu ameandika kwa penseli, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, maandishi madogo kama punje za mtama. Ningekuwa na baba yako ningemkimbilia yeye, Mungu amrehemu, maana chuoni kwake sisi wawili hatukuvuka mbali na wewe ulikuwa mbele yangu. Nikampelekea maalim wa Msambweni. Alivaa miwani, akasogea dirishani, akasoma polepole. Juu pameandikwa Shaaban 1359, yaani Septemba 1940. Chini yake majina na bidhaa.

"Bredimani, sukari ratili 1," ratili ikiwa karibu nusu kilo. Maalim aliuliza Bredimani ni nani. Ni Don Bradman wa Australia, mpiga kriketi aliyewashinda wote waliomtangulia na waliomfuata. "Makabi, mafuta ya taa chupa 1." Ni McCabe. "Orili, mchele kibaba 1." Ni O'Reilly. Zinafuata mistari mitatu ambayo majina yamefutika, bidhaa zimebaki: sabuni, kiberiti, uzi.

Mama alielewa mara moja. Palikuwa na duka la Muhindi karibu na soko, na mwenye duka Jumapili alikuwa akivaa nguo nyeupe kwenda kucheza kriketi na wenzake. Babu hakuujua mchezo ule, na hakuwa na haja nao. Alijua tu kwamba yule bwana akiona kadi fulani macho yanabadilika. Basi kadi ikawa sarafu kati ya watu wawili, mmoja ana picha, mwingine ana sukari. Tena mwaka ule wa 1940 ndio Uingereza waliacha kutia kadi kwenye sigara, karatasi ikihitajika kwa vita, hivyo mwenye duka hakuwa na pengine pa kuzipata. Babu angeweza kupandisha bei. Ratili moja ya sukari kwa Bradman, na hesabu imefungwa.

Bradman aliyetoka mkebeni alikuwa wa 1938. Kadi ile haikuweza kujua yatakayompata miaka kumi baadaye, 1948, uwanja wa Oval, London, alipoingia mara ya mwisho akihitaji mikimbio minne tu, yaani alama za kriketi, ili wastani wake katika mechi za kimataifa uwe 100 kamili. Akatolewa na mpira wa pili, bila hata mmoja. Wastani ukabaki 99.94. Sijui kwa nini habari hiyo inaniumiza, wala sijawahi kuona kriketi kwa macho yangu.

Mstari wa saba ndio uliomfanya maalim avue miwani. "Hatini, bure, kwa mtoto."

Hatini ni Len Hutton, kijana wa Kiingereza ambaye Agosti 1938, Oval hapo hapo, alipiga mikimbio 364 dhidi ya Australia, wakati ule hapakuwa na aliyewahi kufika hapo katika mechi za kimataifa. Kama ni bei, kwa mpenda kriketi wa mwaka 1940, hiyo ilistahili sukari kuliko ya O'Reilly. Babu aliitoa bure. Mama anasema mwenye duka alikuwa na mwana aliyeumwa sana miguu, akikaa kibarazani mchana kutwa. Hana hakika kama ndiye, alizaliwa miaka minne baada ya mstari ule kuandikwa. Nimemwuliza mara tatu na mara tatu amenijibu hivyohivyo, kisha ananyamaza.

Kwa hiyo siuzi, na wala sitanunua hizo saba kukamilisha seti, ingawa zinapatikana kirahisi. Nafasi zake saba nitaziacha wazi kwenye albamu, na ile pakiti nitaibandika kando yake.

Sasa linalokuhusu. Unakumbuka Coastal Union, timu yetu ya mpira ya Tanga, walipochukua ubingwa mwaka 1988, tukakata picha za Wagosi wa Kaya magazetini na kuzibandika kwenye maboksi ya viatu kwa uji wa sembe? Tulizipanga kumi na moja, tukaziandika namba kwa kalamu nyekundu ya baba yako. Za kwangu zililiwa na mchwa zote kasoro mbili. Ile ya golikipa unayo wewe. Nilikupa ukutani pale Mkwakwani, ukanipa mihogo ya kukaanga na kachumbari, na nilikuwa na njaa siku ile, nyumbani hatukupika. Wewe hukujua, nami sikukwambia mpaka leo.

Itafute kwenye vitabu vya baba yako. Ukiipata usiifute vumbi, usiinyooshe. Itie kati ya kurasa za daftari, uje nayo Idi. Kwa upande wa nyuma, kama pana nafasi, andika kwa penseli: mihogo. Mama atapika kachori na mkate wa kumimina, na kitanda chako kipo palepale, tumekisogeza tu kidogo kutoka pale paa linapovuja.

Wasalimie shemeji na watoto.

Wako,
somo yako