Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Picha za Setilaiti na Mashamba Yetu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zimekwenda kwenye jambo moja: kusoma picha za setilaiti kwa namna itakayomfaa mkulima. Habari za fedha atazieleza mweka hazina.

Wengi mmeuliza kuhusu gharama. Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, zilizoanza kukusanywa mwaka 1972, zinatolewa bure tangu 2008. Za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, nazo ni bure, na zikipokezana mbili hupita juu ya shamba lilelile takribani kila siku 5. Kilichokuwa adimu ni watu wa kuzisoma, ndiyo maana kamati ilitanguliza mafunzo.

Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni. Kielezo cha uoto, NDVI, hulinganisha mianga hiyo miwili. Mmea ukidhoofika, namba hushuka.

Lakini namba haitaji sababu. Ukame, upungufu wa nitrojeni, wadudu, hata maji yaliyotuama, vyote vinaweza kuishusha. Tena shamba lililovamiwa na magugu huipandisha, na anayetazama ramani peke yake atalisifu! Kwa hiyo tumekubaliana kwamba mkulima asishauriwe kununua mbolea wala dawa kabla mtu hajafika shambani kuona kwa macho. Ninaomba utaratibu huu usilegezwe, hata msimu ukitubana, kwa sababu ushauri mbaya humaliza akiba ya familia.

Wenye mashamba madogo pia wasiahidiwe makubwa. Pikseli ya Sentinel-2, yaani kila kijimraba kinachounda picha, ina upande wa mita 10. Robo hekta hupata pikseli 25 hivi, na za pembezoni huchanganya mazao yako na ya jirani.

Kuhusu mawingu, ambayo hutuziba macho wakati wa mvua, mazao yakiwa ndiyo yanakua, mafunzo yajayo yatahusu rada ya Sentinel-1, setilaiti nyingine za Ulaya. Mawimbi yake ya redio hupenya mawingu. Haipimi ukijani, ila hueleza mengi kuhusu unyevu wa udongo na umbo la mimea.

Ombi langu kwenu ni kumbukumbu: tarehe ya kupanda, aina ya mbegu na mavuno ya kila kipande cha shamba. Bila hizo hatuna cha kulinganisha na picha. Daftari zitagawiwa baada ya mkutano, na makatibu wa vikundi watazikusanya mwisho wa msimu.