Furaha, saini tu hiyo karatasi

Furaha dada yangu,

Jambo sana. Habari ya huko Haren, Bruxelles, habari ya watoto, na mgongo wa Papa Joel unaendelea vipi? Siye huku tuko, Mungu anasaidia, mama anakusalimia na anasema mu picha umenenepa, usikasirike, kwake hiyo ni sifa. Nimekawia kujibu juu mega zilikuwa zinaisha kabla odio yako haijafunguka, halafu ilipofunguka nilikuwa kwenye foleni ya maji na bidoni zangu, nikaanza kucheka peke yangu paka wale wamama wakanigeukia. Weye Furaha! Mtoto wa Majengo ya Goma, umekulia chini ya tumbo la ndege za Antonov, leo unalia juu ya ndege za Wabelgiji?

Basi nimecheka, imeisha. Tuongee sasa.

Kama nimekusikia vizuri (ulikuwa unaongea huku unakaanga kitu, mafuta yalikuwa yanapiga kelele kushinda hizo ndege), yule mama wa ghorofa ya chini, mwenye mbwa, amekuletea karatasi ya kusaini, watu wa kartie wanataka ndege za usiku zipunguzwe pale Zaventem, uwanja wa ndege wa Bruxelles. Na weye kazi yako ni usiku, palepale uwanjani, kwenye mizigo. Ukisaini unajipiga mwenyewe, usiposaini yule mama ataona umewakimbia majirani, na huku yule mdogo anaamka kila saa analia. Juu ya hayo unaogopa isikuletee shida kwa makaratasi yako ya kukaa. Na tena unaona haya, eti watu wa Goma wakijua watakucheka. Ni hivyo? Nitajibu vile inanijia.

Ya makaratasi nilimuuliza Bonane, unajua yule hawezi kukujibu bila kufungua kitabu. Alinionyesha katiba ya Ubelgiji mu simu yake, kifungu cha 28, kila mtu ana haki ya kupeleka kwa wakuu ombi lililosainiwa, awe peke yake ao na wenzake. Hakuna mahali wameandika eti mwenye uraia tu. Kwa hiyo hofu hiyo uitoe. Alitaka kuendelea na kifungu cha 29, nikamwambia moto wangu unazima.

Ya kuchekwa, ndiyo, watakucheka, na miye nimeshaanza. Lakini kwani siye hatukuwa tunalalamika? Umesahau dikte za mwalimu wetu wa la tano? Ndege ikikaribia anasimamisha chaki hewani, anafunga macho, mabati yanatetemeka, vumbi la kwenye mbao linatuangukia mu daftari, siye tunangoja kalamu juu, halafu ikipita anaendelea katikati ya neno vilevile, na yule Chance kila mara anakuwa ameandika neno moja mara mbili anasema ni ndege. Sasa ni miye niko mbele ya ubao, na nilifanya hivyohivyo miaka yote, paka nikazoea kupanga somo kufuatana na sauti. Helikopta za MONUSCO, wale askari wa Umoja wa Mataifa, unaweza kuzipandishia sauti ukazishinda, ile Ilyushin kubwa unanyamaza tu. Watoto walikuwa wanajua ni ndege gani bila kuinua kichwa, kushinda vile wanajua mito ya Kongo, na miye ndiye niliyewafundisha mito.

Ila kelele yetu haikuwa ya kukosa usingizi tu, na hapo yule jirani yako hata ukimweleza usiku mzima hataelewa. Siye tulikuwa tunasikiliza. Upande wa kaskazini kuna mlima wa moto, Nyiragongo, na lava yake ya 2002 ilikula kipande cha pisti, ile njia ya ndege kurukia, upande huohuo, kwa hiyo ndege ikiruka inakuja juu ya mji, inapita Birere, ndipo ifike ziwani. Aprili 2008 ile ya abiria haikuinuka, ikaingia kwenye maduka ya Birere. Novemba 2019 ile ndogo ya kwenda Beni ikaangukia Mapendo, juu ya nyumba za watu, Jumapili asubuhi, wengine wako wanavaa kwenda kanisani. Tangu hapo mama ndege ikiruka alikuwa anaacha kitu anafanya, mwiko mkononi, anasikiliza mpaka sauti ifike juu ya maji, ndipo anasema "imepita" na kurudia sombe yake. Yule mama wa mbwa ndege inamwamsha. Mama yangu ilikuwa inamwombesha.

Na tungelalamika kwa nani? Nusu ya majirani hawakuwa na karatasi ya kiwanja walichojengea, ukienda kusema pisti iko karibu na nyumba yako watakuuliza nani alikutuma kujenga hapo. Huko wana ofisi kabisa ya kupokea malalamiko ya kelele za uwanja. Mkoa wa Bruxelles unatoza hata faini kampuni zikipitisha ndege yenye makelele kuzidi kipimo. Faini juu ya kelele! Nilimsomea mama akauliza kama hiyo faini wanagawiwa wale waliokosa usingizi. Nikamwambia nitakuuliza, basi nimekuuliza.

Ile picha ya karatasi uliyonitumia nimeisoma yote na Kifaransa chake cha avoka. Kumbe Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linashauri kelele ya ndege usiku, kwa wastani, isipite desibeli 40. Arobaini, dada! Wangekuja kupima pale jenereta ya Mama Aline inawaka, kile kipimo kingeomba kurudi kwao. Lakini sichezi na hilo, wanasema mambo ya presha na moyo, na mama ana presha, sasa nawaza kama miaka yote ile pale Majengo... sijui, tuyaache.

Ya kazi ndiyo ngumu. Papa Joel ana haki ya kuogopa. Ile habari ya DHL, kampuni ya kusafirisha vifurushi, aliyokusimulia ni kweli, niliitafuta. 2004 walitaka kuongeza ndege za usiku hapo Zaventem, wakashindwana na serikali juu ya kelele, wakaamua kupeleka kituo chao kikubwa Leipzig, Ujerumani, na 2008 kikaanza kufanya kazi kule. Kazi zikaenda nacho. Na unajua nini kilifuata? Watu wa Leipzig nao wakaanza kulalamika hawalali! Hata hapohapo kwenu, 2014 walipobadilisha njia za ndege, upande mmoja wa mji ukapumua, upande mwingine ukatoka barabarani. Ndiyo maana karatasi inayosema tu "ziondoke kwetu" miye siiamini sana, zikiondoka kwako zinaenda kupita juu ya bati la mwingine.

Na tena siye tuko tunaona vile inakuwa zikiondoka kabisa. Tangu mwisho wa Januari 2025 uwanja wetu wa Goma umefungwa, mambo mengine siandiki, unaelewa. Hakuna ya abiria, hakuna ya mizigo. Ungesema raha, dikte yangu sasa inaenda moja kwa moja, na kweli inaenda. Lakini Mama Aline alikuwa anapeleka maharagwe na vitunguu Kindu kwa ndege, yeye aliyekuwa analaani kila Antonov iliyomwamshia wajukuu, sasa anazilaani juu hazikuji. Bahati wa mizigo pale uwanjani leo ana pikipiki ya kukodi, na pikipiki zimekuwa nyingi kushinda abiria. Mtu wa kwenda Kinshasa avuke barierre ya mpaka wa Rwanda, apitie Kigali, alipe hela unaweza kudhani anakuja kwenu. Benki nazo zimefunga, noti zimechakaa paka muuzaji anazigeuzageuza kabla ya kukubali, na dawa... Haya, niliapa sitakujaza huzuni. Ila ukikutana na mtu wa huko anasema wangefunga tu uwanja wote tulale, mpe namba yangu.

Kwa hiyo miye nasema saini. Ndiyo, na hayo yote niliyosema, saini. Mtoto lazima alale, hiyo haina mjadala, na kulala si deni unalopaswa kuwalipa watu wa Goma kwa sababu wao waliteseka zaidi. Lakini usisaini kwa kumwonea haya yule mama. Mwambie apande juu, mpe chai, mwulize wanaomba kitu gani hasa. Kama ni kufunga usiku mzima, hiyo inakula kazi yako na ya wenzako, mwambie hivyo usoni, pengine hata hajui kama jirani wake wa juu ndiye anapakia hizo ndege anazozichukia. Lakini kuna vitu vingine vya kuomba. Ndege kuukuu zenye makelele zisiguse usiku, kampuni zilete zile mpya. Ile hesabu ya ruhusa za usiku, 16,000 kwa mwaka kati ya saa tano usiku na saa kumi na mbili asubuhi, isiongezwe hata moja. Na walipie madirisha ya vioo viwili kwa nyumba zilizo chini ya njia.

Hilo la madirisha lingekuwa langu la kwanza. Si uliniambia dirisha la chumba cha watoto lina ufa, na mwenye nyumba ameliziba na gundi ya karatasi tangu baridi ya mwaka jana? Furaha, hiyo si shida ya ndege tena, hiyo ni mwenye nyumba. Ndege inapita kwenye ufa wake. Miye ningemwandikia yeye barua kabla ya kuandikia waziri, na ningetia picha ya hiyo gundi. Na kwenye karatasi ya majirani, kama hawakuandika habari ya madirisha, ongeza kwa mkono pembeni, weye si ndiye ulikuwa na hati nzuri darasa zima.

Kitu kingine kimenishangaza, karatasi yote inaongea usiku, usiku, usiku. Weye unarudi asubuhi, unalala mchana, na mchana ndiyo ndege zinapita bila kupumzika. Nani ameandika juu ya watu wanaolala mchana? Manesi, walinzi, nyie wa mizigo. Hakuna hata mstari. Mwambie yule mama hilo nalo, ila mwambie pole pole, asije akadhani umemgeuka.

Wacha niishie, moto uko chini na Bahati anangoja simu yake, ya kwangu chaji imelala. Dawa za presha za mama zinatosha mpaka mwisho wa mwezi, ukipata kitu kidogo tuma kwa simu kwa ile namba ya Bahati, usijaribu tena benki, ile ya mara ya mwisho ilizunguka paka ikakurudia.

Sasa jibu, usinitumie vidoli vya kucheka tu. Wenzako wa kazi wanasema nini, nao wamepewa karatasi ao ni jengo lenu peke yake? Sendika yenu ina habari? Mkubwa wako akiona jina lako pale, ni mtu wa kukuuliza ao ni wa kunyamaza na kukuandika? Papa Joel yeye amesaini ao anangoja weye utangulie, kama kawaida yake? Mdogo ulijaribu kumlaza kile chumba cha nyuma? Ulimrudishia Chibalonza ile koti, juu dada yake ameniuliza tena sokoni na nimeishiwa uongo? Na yule mbwa wa jirani, ndege ikipita naye analia ao ameshazoea? Hiyo ya mbwa ni mama ndiye anataka kujua, si miye.

Ni miye,
Zawadi