Risala ya Klabu ya Afya na Lishe kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, shikamooni. Tunashukuru sana umefika, maana ratiba zenu tunazijua na barabara ya kushuka huku kwetu tambarare ya Moshi nayo umeionja.

Klabu ilianza na wanafunzi wachache na mwalimu wa baiolojia, historia yetu ndo hiyo. Mafanikio ni makubwa mno: tumechora mabango, tumepima uzito na urefu wa wanafunzi, jiko limeacha sembe limehamia dona, na habari za bakteria wa tumboni shule hii hata mlinzi wa getini ukimuuliza anakueleza vizuri tu.

Mheshimiwa, kwa nini bakteria? Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 zaidi ya milioni 390 walikuwa na uzito uliozidi, na milioni 160 kati yao wana unene uliopitiliza kabisa. Hatusemi ni bakteria peke yao, kula ovyo na kukaa tu navyo vimo. Ila mwaka 2013 wanasayansi wa Marekani walichukua bakteria wa mapacha, mmoja mnene mwingine mwembamba, wakawapandikiza panya waliokuzwa bila bakteria yoyote, chakula kilekile, na panya waliopewa bakteria wa yule mnene wakaongeza mafuta mwilini kuliko wenzao. Halafu wakawaweka pamoja, bakteria wa wembamba wakahamia kwa wengine na kuwazuia wasinenepe, lakini hiyo ilitokea pale tu panya walipolishwa chakula chenye nyuzinyuzi za kutosha na mafuta kidogo, yaani hapo ndo penyewe mheshimiwa, bakteria wazuri bila mboga hawakufanya kazi.

Na hata hapa kwetu Kilimanjaro, utafiti uliotoka 2025 uliwachukua wanaume 77, wengine wa vijijini wakaacha kiburu, yaani ndizi na maharage, na mboga zao wakala soseji, chipsi na mkate mweupe kwa wiki mbili tu, na damu yao ikaonesha dalili za uvimbe wa ndani kuongezeka, siyo jipu, ni kinga ya mwili kuwaka kama inapigana na ugonjwa. Wiki mbili! Sisi wenzio chipsi na maandazi ya nje ya geti tunakula mwaka mzima, kwa sababu jikoni mboga ni kabichi iliyochemka mpaka imepoteza rangi, na kiangazi hata hiyo haipo.

Sasa mheshimiwa tuje kwenye maji, na hapa utuvumilie maana ndo hasa tumekuja kusema. Kisima kipo, kilichimbwa, maji yapo. Bustani tumelima wenyewe, matuta ya mchicha, mnafu na kunde yako nyuma ya bweni la wasichana. Kinachokosekana ni pampu ya sola, tanki la lita 5,000 na mabomba. Mgeni rasmi mmoja aliyepita alisimama hapohapo ulipokaa akaahidi tanki, tukampigia makofi, wazazi wakachanga saruji na kujenga jukwaa la kuliweka, na mpaka leo linapandwa na mbuzi. Aliyefuata akasema tuandike barua, tukaandika, tukaambiwa imepokelewa, tukaandika tena. Hatuna kinyongo na mtu na hatuwataji, tunajua majukumu ni mengi, ila mheshimiwa mchicha hausubiri majukumu. Wasichana wanabeba ndoo kabla ya namba asubuhi, wakichoka tuta linakauka, tunarudi kwenye kabichi.

Kwa heshima kubwa tunaomba usituahidi fulana wala mipira, tutashukuru ila siyo leo. Na kama tanki na pampu haviwezekani kwa pamoja, tuanzie pampu, tanki wazazi wamesema watachangishana.

Profoma ya fundi mwenyekiti wetu anayo mkononi atakukabidhi sasa hivi, ina bei na namba ya simu ya fundi mwenyewe. Tunaomba pia ukimaliza kuongea, kabla ya chakula, upite nasi nyuma ya bweni uone jukwaa na kisima, na ututajie tarehe mbele ya wazazi wetu ili tuiandike kwenye kumbukumbu za klabu.

Naomba kuwasilisha.