Shoga, Nilikuwa Njiani

Minneapolis, Jumapili usiku, Novemba 9

Shoga yangu wa Ngamiani, Tanga,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikaona haya, ya tatu nikasema huyu nisimjibu kwa simu, maana kwenye simu tunaishia kukatizana maneno na bando linakwisha hatujafika popote. Unasema nimeshakuwa Mzungu, tangu Septemba sijulikani nilipo. Basi kaa kitako nikueleze. Nilikuwa njiani. Kila wikendi mimi, baba watoto, hawa watatu na kikapu cha maandazi.

Wewe watoto wako wakitaka kutoka wanatoka. Wanafungua mlango, wanaingia barabara ya pili, jua likizama unawasikia wanarudi na vumbi lao. Hakuna aliyepanga. Huku kutoka ni kazi, tena inaanza Alhamisi: nani ana zamu, mvua ipo haipo, pampasi ngapi, makoti mepesi au mazito. Na huu ndio msimu wenyewe wa kutoka, msimu wa majani kupukutika. Vitabu vinauita vuli, lakini najua wewe ukisikia vuli unafikiria mvua na matope ya Novemba. Huku ni majani, na baada ya majani ni theluji, na theluji ikishakaa haiondoki mpaka Machi au Aprili, watoto wako ndani wanapanda makochi. Kwa hiyo Septemba ikiingia kila mwenye mtoto anakwenda mbio kama aliyesikia duka linafungwa. Miaka ya mwanzo niliwacheka. Mwaka huu nimekimbia nao.

Kabla ya yote nikupe habari ya viti. Sheria ya hapa kila mtoto mdogo ana kiti chake garini, na gari letu unalijua kwa picha. Vitatu nyuma vinaenea kwa kusukumana. Kumfunga wa katikati sharti upige goti juu ya siti, utumbukize mkono kati ya viti mpaka kiwiko, upapase kile kitufe bila kukiona, huku kitinda mimba anakuvuta mtandio na Babu, mwanangu wa pili, anauliza tumefika. Hatujawasha gari. Kucha zangu za mkono wa kulia zimekatikia humo zote.

Tulianza na matufaha. Shambani unalipa, unapewa mfuko, halafu unachuma mwenyewe. Nikamwambia baba watoto, mimi na bibi tulikuwa tukilipwa kuchuma machungwa Muheza, leo natoa pesa nichume? Akasema nyamaza uchume, hela imeshatoka. Kuna aina moja inaitwa Honeycrisp, Chuo Kikuu cha Minnesota ndio walioizalisha, wakaitoa mwaka 1991, na watu wa hapa wanaisifia kama sisi na embe dodo. Kweli nimekubali. Ukiling'ata linapasuka kwa sauti, maji yanakutiririka kidevuni. Tatizo ni Babu. Kila alilochuma aliling'ata mara moja, akaridhika, akalitia mfukoni. Wiki mbili tumekula matufaha yenye alama za meno yake.

Somo yako hajambo, anakuamkia shikamoo. Sasa yuko darasa la kwanza, anapanda lile basi la njano, na ameanza kunifundisha. Siku moja tunafagia majani uani (yanajaa, shoga, unafagia leo kesho huoni ulipofagia) akaokota la njano akaniambia: "Mama, hii njano ilikuwemo siku zote. Kijani kilikuwa kinaificha." Ndivyo walivyosoma. Siku zikifupika mti unaacha kutengeneza ule ukijani wa kupikia chakula chake, uliopo unakwisha, na njano iliyokuwa chini yake inajitokeza. Wekundu ndio tofauti, huo mti unautengeneza upya mwishoni, kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani. Nimeishi hapa miaka tisa nadhani majani yanaungua na baridi. Mtoto wa miaka sita ndiye aliyenisahihisha, na mimi nimeshika ufagio.

Sasa safari kubwa. Katikati ya Oktoba shule za hapa hufungwa Alhamisi na Ijumaa, walimu wana mapumziko yao ya kila mwaka. Jirani yangu Msomali, yule aliyekulia Eastleigh, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Nairobi, "Enda Itasca na hao watoi, mtavuka Mississippi na miguu." Nikadhani ananitania. Mississippi mimi naivuka kwa basi kila siku kwenda kwa wale wazee wangu ninaowahudumia, ni mto mpana, una madaraja na maboti. Kumbe unaanzia huko kaskazini, kwenye ziwa, ndani ya hifadhi waliyoitenga tangu mwaka 1891. Mwendo wake kama Tanga hadi Dar, saa nne bila kusimama. Sisi tulisimama. Somo yako alitapika hata St. Cloud hatujafika, kitinda mimba akaona naye asipitwe, basi tukaendelea na madirisha wazi na baridi ile, harufu ya matapishi na maandazi ya iliki.

Lakini tulipofika, shoga, nilinyamaza. Ziwa limetulia, miti yake mingine ya njano mingine ya kijani kibichi, na pale maji yanapotokea kuna safu ya mawe tu. Upande wa huku ziwa, upande wa pili mto, na huo mto upana wake barabara ya mtaani kwenu inaushinda. Maji ya magotini. Unaona changarawe chini. Hapo ndipo unapoanza safari ya zaidi ya kilomita 3,700 mpaka Ghuba ya Meksiko, na mama mmoja aliyekuwa amesimama karibu yetu akawaambia watoto kwamba tone likitoka hapa linachukua siku kama 90 kufika baharini. Somo yako akalishika hilo. Utaona lilivyonirudia.

Watu wanavuka kwa kuruka jiwe hadi jiwe. Mimi nilibaki ukingoni, kitinda mimba mgongoni nimemfunga kwa kanga juu ya koti. Somo yako akavuka, akarudi, akavuka tena. Babu akasema hataki kushikwa mkono. Jiwe la kwanza sawa, la pili sawa, la tatu lina utelezi. Nilisikia tu ile chubwi. Maji yalimfika kifuani kwa sababu alikaa, hakuanguka, alikaa kama mtu anayekaa kwenye beseni, akatutazama. Baba watoto aliingia na viatu vyake vipya. Wale waliokuwa wakipiga picha wakaacha kamera zao wakatuletea taulo. Nyuzi joto 7, nami namvua mtoto nguo zote juu ya meza ya mbao, meno yanagongana, yake na yangu. Nikamfungua mdogo mgongoni, nikamviringisha Babu kwa ile kanga. Ni ile uliyonipa uwanja wa ndege, Wema Hauozi. Hauozi kweli. Imelowa Mississippi na rangi yake iko vilevile.

Glovu moja ndiyo iliyokwenda. Nyekundu. Tuliiona inapita juu ya changarawe, inazunguka, ikaingia kwenye majani ya ukingoni, ikatoka, ikaondoka zake. Babu hakulia kwa baridi wala kwa kuanguka, alilia kwa glovu, kutoka pale mpaka nyumbani, saa nne, na vituo vyake.

La boga hili nimelificha hata kwa mama, kwa hiyo na wewe lifiche. Mwezi wa Oktoba maboga yanauzwa hapa kila kona, makubwa, ya rangi ya chungwa, mengine mtoto anakaa ndani. Na hawayali! Wanayatoboa macho na mdomo, wanatia mshumaa, yanakaa ngazini mpaka yalegee, halafu jalalani. Sisi tulioambiwa ukipenda boga upende na ua lake, hawa hata boga lenyewe hawalipendi. Tulinunua moja, somo yako alilichagua mwenyewe akalibeba kwenye kigari cha mdogo wake huku mdogo nimembeba mimi. Siku tatu likakaa jikoni, nalitazama. Usiku wa nne watoto wamelala, baba watoto yuko kazini, nikashindwa. Nikachukua kisu. Nikafungua kopo la tui, sukari, iliki, chumvi kidogo, nikafunika. Nilisimama jikoni nanusa kama mjamzito.

Maji matupu, shoga. Nyuzi na maji. Ladha ya karatasi. Jirani aliponieleza baadaye nilitaka kulia: yale makubwa yanalimwa kwa ajili ya ukubwa na ganda, ya kula ni madogo, yanakaa rafu nyingine kabisa. Asubuhi somo yako akaingia jikoni, akaona kipande kwenye ubao, upande ule aliokwisha kuuchora jicho kwa kalamu. Mimi jicho lile sikuliona usiku. Hakupiga kelele. Alikiokota, akanigeuzia, akauliza, "Ulimkata akikutazama?"

Nimemnunulia jingine. Na lile la nazi alilila kitinda mimba peke yake, siku mbili, akaomba tena.

Kuhusu Halloween, ule usiku wa Oktoba 31, najua utauliza, nakuwahi. Ustadhi wa madrasa alishatuambia watoto wasipite majumbani kuomba pipi kwa mavazi ya mizimu, na mwaka jana tulitii: tulizima taa tukajifungia, watoto wanachungulia dirishani kama wenye madeni. Moyo wangu haukupenda. Majirani hawa ndio wanaonisukumia gari kwenye theluji. Mwaka huu baba watoto akatoa fatwa yake ya sebuleni, kwamba kuomba hatuombi, lakini kugawa ni kugawa. Tukakaa ngazini na blanketi na bakuli la chokoleti. Somo yako ndiye mgawaji, moja kwa kila mtoto, mkali kama karani wa mnada. Wakapita wafalme, wakapita paka, akaja mmoja kavaa buibui, si buibui letu, yule mdudu wa miguu minane, na tumbo limefura kwa koti lililovaliwa ndani. Mama za hapa wananunua vazi kubwa kusudi koti lipite chini yake. Mzee wa nyumba ya pembeni hunieleza sababu kila mwaka, nami kila mwaka namsikiliza kama mara ya kwanza: Halloween ya 1991 theluji ilianza kushuka watoto wako barabarani, haikukoma mpaka Novemba 3, ikajaa zaidi ya sentimita 70. Anapofika hapo huonyesha kwa mkono juu ya goti lake. Ukisikia hadithi hiyo unaelewa kwa nini watu hawa wanakimbilia mashambani mwezi wa Septemba.

Pesa zilizotumika usiniulize. Baba watoto ana daftari, anapoligusa mimi naondoka chumbani.

Jumapili iliyopita saa zimerudishwa nyuma saa moja. Sasa magharibi inaingia kabla ya saa kumi na moja jioni, wakati Juni ilikuwa saa tatu usiku. Hebu nieleze kwa saa zetu za Kiswahili hiyo inakaaje. Watoto wanatoka shule, wanakula, giza. Jana ilikuwa Jumamosi ya kwanza tusiyokwenda popote. Somo yako alivaa koti akasimama mlangoni. Nikamwambia leo hatuendi. Akakaa na koti lake mpaka adhuhuri, kama abiria. Mwishowe nikatandika mkeka sebuleni nikawafundisha rede kwa soksi zilizokunjwa. Taa moja imevunjika.

Sasa nina ombi, na ndilo hasa lililonikalisha kuandika. Lile tone la siku 90. Somo yako alimweleza mdogo wake kwamba glovu nayo itafika baharini siku 90, na baba yao, badala ya kunyamaza, akahesabu kwa simu: katikati ya Januari. Babu akauliza bahari gani. Nikamjibu, kwa uchovu wangu, bahari zote maji yake ni mamoja. Basi amekata shauri kwamba glovu inakuja Tanga. Kila asubuhi ananiuliza imefika wapi. Nimemwambia huko kuna mama yake mdogo, atakwenda ufukweni Raskazone kuangalia. Hiyo pea iliyobaki ameiweka chini ya mto, tayari.

Januari atataka kuongea na wewe. Usimwambie haipo. Mwambie kaskazi linavuma sana, bahari imechafuka, wavuvi wameambiwa, na unakwenda kila jioni. Ukiona glovu yoyote nyekundu sokoni, ya mtoto wa miaka minne, mkono wa kushoto, nunua.

Salamu kwa mama, kwa shemeji, na kwa wale wako wasiohitaji kufungwa mikanda.

Wako,
Mama wa somo yako