Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: Dume mkubwa si lazima awe bora kwa Dodoma

Mheshimiwa Waziri,

Dume la ng'ombe la mbegu likiletwa Bahi au Chamwino, kinachotazamwa kwanza ni kilo. Tunaomba kilo zisiamue peke yake.

Joto la mwili hutoka nje zaidi kupitia ngozi. Uzito ukiongezeka mara mbili, eneo la ngozi huongezeka kwa takribani asilimia 60 tu, hivyo mnyama mkubwa hupoa kwa shida. Mwanabiolojia Mjerumani Carl Bergmann alieleza jambo hili mwaka 1847: katika jamii za wanyama zinazokaribiana kiukoo, wakubwa hupatikana zaidi kwenye baridi. Njaa nayo ina hesabu yake. Ng'ombe wa kilo 250 hula kama kilo 6 za malisho makavu kwa siku. Wa kilo 400 hutaka 10. Oktoba, majani yakiisha, tofauti hiyo ndiyo huamua nani ataiona mvua ya Desemba. Zebu wetu, ng'ombe wa asili mwenye nundu, amechujwa hivyo kwa vizazi vingi: umbo dogo, na ngozi iliyolegea inayoning'inia kutoka shingoni hadi kifuani.

Hata hivyo, ukame hauwapendelei wadogo siku zote. Mwaka 1977, kisiwani Daphne Major, Galápagos, katika Bahari ya Pasifiki, ukame ulifanya mbegu laini za mimea ziishe, na ndege wadogo wakafa zaidi kwa kushindwa kupasua zile ngumu. Kwa hiyo tusikisie, tupime.

Kuna kosa linalotuumiza zaidi. Ndama aliyedumaa kwa kukosa maziwa huhesabiwa kuwa mdogo kwa asili, kumbe hakurithi udogo huo. Wakati huohuo dume anayekua haraka hupelekwa mnadani kabla hajapanda majike, na waliochelewa kukua ndio wanaobaki kuzalisha. Hapo kundi linapungua umbo kwa mikono yetu, si kwa hali ya hewa.

Kila josho lipewe utepe wa kupimia kifua ili kukadiria uzito. Mnyama asimame sawasawa, utepe upite nyuma ya nundu na nyuma ya miguu ya mbele, ubane bila kukaza. Penye mizani apimwe asubuhi kabla ya kunywa, maana lita 30 za maji ni kilo 30 za uongo. Vipimo vichukuliwe Mei na Oktoba, viandikwe pamoja na umri. Na dume wa mbegu atoke kwa mama aliyezaa na kukuza ndama hata miaka ya ukame. Rekodi hiyo idaiwe kabla ya kilo.

Wataalamu wa uzalishaji mifugo,
Dodoma