Rubani anayelipwa kwa saa hana ruhusa ya kuumwa

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee sisi marubani wa ndege ndogo, hizi Caravan mnazoziona zinaruka Arusha kila asubuhi kwenda Serengeti na zile za Dar zinazoenda Zanzibar na Mafia. Watu wakisikia rubani wanawaza lile dege kubwa, hoteli za Dubai na mshahara wa mamilioni, yani hata nyumbani Machame ukitokea msiba jina langu linaandikwa juu kabisa kwenye daftari la mchango na kiasi wameshanipangia wao wenyewe, ukieleza hali ilivyo wanaona unawabania.

Mimi nilisomea Afrika Kusini. Baba aliuza shamba la tambarare, lile tulilokuwa tunalima mahindi, kihamba, ile ardhi ya ukoo, hakugusa kwa sababu kihamba hakiuzwi, halafu mjomba akaongezea na mama akakopa kwenye vikoba vyake. Nikarudi na leseni ya urubani wa biashara na masaa mia mbili na kitu kwenye logbuku, lile daftari la masaa uliyoruka, nikajua kazi imeisha kumbe ndo inaanza, maana kwa masaa hayo hakuna bima inayokubali ubebe watalii peke yako. Leseni kubwa kabisa ile ya kapteni wa mashirika inataka masaa 1,500. Sasa kati ya 200 na 1,500 hapo katikati unaishije? Hapo ndo kuna shida yote ninayotaka kuisema.

Kampuni ya kwanza iliyonipokea ilinikalisha miezi saba bila mshahara. Napima mabegi ya wageni, najaza manifesti ile orodha ya abiria, naosha ndege, nasukuma ndege kwenye hanga, banda lake, kwa ahadi kwamba siku nafasi ikiwepo ntakaa kiti cha kulia pembeni ya rubani nipate masaa. Nilikuwa naambiwa waziwazi kabisa kwamba wewe tunakulipa masaa. Na mimi nilikubali, nilishukuru hata, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na vijana wengine wanne wenye leseni wanapeleka CV kwenye ofisi hizo hizo, na wengine wanatoka mbali huko Ulaya wana hela za kwao za kuishi mwaka mzima wakitafuta masaa. Maun kule Botswana ni hivyo hivyo, kila mwaka vijana wanaenda kupiga kambi wakigonga milango ya kampuni za ndege za porini. Ila masaa hayalipi kodi ya chumba jamani. Mwenye nyumba wangu kule Sakina sikuwahi kumpelekea logbuku.

Baadae nikapata Caravan mwenyewe, na hapo mshahara ukawa wa namna ambayo wengi wetu tunaijua, kianzio kidogo halafu hela ya kila saa unayoruka. Mwezi wa saba mpaka wa kumi, wageni wamejaa, unapata hela ya maana. Ikifika masika kambi nyingi zinafungwa, ndege zinapaki, unabaki na kianzio, changu kilikuwa laki sita kabla ya makato, na mtoto anatakiwa shule na bima ya afya unajikatia mwenyewe. Cheti cha afya cha urubani pia nalipia mwenyewe. Na ukishavuka miaka arobaini kama mimi na unarusha abiria ukiwa peke yako, unapimwa kila baada ya miezi sita badala ya mwaka, kwa hiyo gharama imekuwa mara mbili na mshahara umebaki pale pale.

Ngoja nieleze kazi yenyewe maana wengi hamuioni. Saa kumi na moja alfajiri niko kiwanjani, nachota mafuta kidogo chini ya bawa kwenye kikombe naangalia kama yana maji, nazunguka ndege na tochi. Mabegi ni kilo 15 kwa mgeni lakini kila siku kuna anayekuja na 22, na ni mimi nitakayeamua linabaki au linapanda, na ni mimi ninayeyasukuma kwenye boksi la mizigo chini ya tumbo la ndege. Halafu nawafunga mikanda, nawaelekeza milango, nakaa, naruka. Kwenye milima ya Ngorongoro asubuhi mawingu yanakuwa yamelala juu ya kingo, lazima ujue pa kupita na ujue mapema zaidi pa kurudia. Kiwanja cha Seronera, kule Serengeti, kiko zaidi ya futi 5,000, mchana jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuondoka, na kwenye vile viwanja vya changarawe unapita kwanza chini kuwafukuza pundamilia ndo uzunguke utue. Hamna rubani wa pili. Ukikosea hamna wa kukuambia kaka angalia hapo. Na siku nyingine ni kutua mara sita, saba.

Siku moja pale Seronera nimesimama pembeni ya bawa nasubiri mgeni amalize kuagana na dereva wake. Akamkumbatia, akampa bahasha. Dereva ni rafiki yangu, simuonei wivu, anafanya kazi kubwa siku tano na wale watu. Lakini alinionyesha baadae kilichokuwemo, na ilikuwa zaidi ya nusu ya kianzio changu cha mwezi.

Sasa sababu iliyonifanya niandike. Mwezi uliopita dogo mmoja tunayefanya nae kazi, kijana mzuri sana, makini, alirusha akiwa na mafua makali. Ndege zetu hizi hazina mfumo wa kubana hewa ndani kama yale madege makubwa, kwa hiyo ukishuka kutoka futi elfu kumi na moja na pua imeziba masikio yanabanwa vibaya mno. Alipotua nilikuwa pale pale napakia mizigo yangu. Alizima injini akabaki amekaa, wageni wanashuka wenyewe, nikaenda kumfungulia mlango nikamkuta ameshika sikio la kushoto na mkono una damu kidogo. Nikamuuliza we dogo kwa nini umeruka hivi? Akaniambia kaka, nikilala siku nne hiyo ni masaa kumi na tano, kodi natoa hela gani? Sikuwa na la kumjibu. Mi mwenyewe nimewahi kuruka na homa.

Tarehe 12 Februari 2009 karibu na Buffalo, Marekani, ndege ya abiria iliyokuwa ya kampuni ya Colgan Air ilianguka, wakafa watu 50. Wachunguzi walisema chanzo ni kapteni kuvuta usukani wakati alitakiwa kusukuma, hilo ni kweli na siligeuzi. Lakini kwenye uchunguzi huo huo ikajulikana kwamba rubani msaidizi alitoka Seattle usiku kucha akiwa amepanda ndege za mizigo kufika kazini, mshahara wake mdogo ukajadiliwa mbele ya taifa zima, na alikuwa na mafua. Sauti zilizorekodiwa kule mbele zinaonyesha akisema kwamba akijitangaza mgonjwa huko aliko itabidi ajilipie hoteli mpaka apone. Niliposoma hapo nilimuona dogo na sikio lake.

Najua wenye kampuni watasema biashara ni ngumu, na kweli ni ngumu, mafuta, bima, vipuri vyote ni dola. Ila naomba waangalie kitu kimoja. Injini ya Caravan watengenezaji wameiwekea masaa 3,600 ndo ifunguliwe yote ifanyiwe matengenezo makubwa, na mwenye ndege mwenye akili anatenga hela ya hiyo kazi kwa kila saa inayorushwa, hata masika, hata akiwa na madeni, na bei ya tiketi anaipanga akijua hivyo. Hawezi kuiambia injini ivumilie mpaka wageni warudi. Basi hesabu hiyo hiyo iwekwe na hela ya rubani kuumwa siku nne.

Ninachoomba sio mishahara ya shirika la ndege la Qatar. Kianzio kiwe ndo sehemu kubwa ya mshahara na hela ya saa iwe nyongeza tu, isiwe kinyume chake. Siku za ugonjwa zilipwe. Cheti cha afya kampuni ilipie maana ni kifaa cha kazi. Kijana anayefanya kazi ofisini na hanga alipwe kama mfanyakazi mwingine yeyote hata kama ana leseni na anasubiri zamu. Na wale wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga wanapokuja kukagua kampuni wakafungua mafaili ya matengenezo na ya mafunzo, waombe na mikataba yetu waone tunalipwa vipi, kwa sababu jinsi mtu anavyolipwa inaamua ataruka au hataruka siku mawingu yamekaa vibaya. Wenzetu wa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nikiongea nao wanalia kilio hiki hiki, sio jambo la Arusha peke yake.

Dogo daktari amempumzisha mpaka kitundu kwenye ngoma ya sikio kizibe. Tumechangishana marubani sita kodi yake ya mwezi huu, mwezi ujao bado hatujajua.

Ni mimi,
Rubani wa Caravan, Arusha